Ami anataka nisaini kwamba kijana alijiumiza mwenyewe

Assalam aleikum somo,

Kwanza naomba jina langu usiliweke kabisa, hata mtaa usiutaje, manake hapa Mombasa tunajuana sana, ukisema tu bekari ya upande fulani watu washamaliza kila kitu.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka 31, nasimamia shifti ya usiku kwa bekari ya ami yangu. Babangu alifariki mimi niko darasa la tano na tangu hapo ami ndo amekuwa babetu, karo yeye, nguo za Idi yeye, kodi ya nyumba yeye mpaka mama alipojisimamia na biashara yake ya mahamri. Nilipoachika nkarudi nyumbani na mtoto ni yeye tena alinipa hii kazi bila kuniuliza swali. Nakwambia haya ujue si mtu mbaya, na mimi pia si mtu wa kusahau wema.

Bekari yenyewe si kubwa ivo, tuko kama watu 25 ukiweka na vibarua na wale vijana wa tuktuk wanaopeleka boflo madukani. Tuna mashine moja kubwa ya kukandia unga, ilikuja mtumba kutoka Ulaya, iko na wavu wa chuma juu ya bakuli, na wavu ukiinuliwa mashine inazima yenyewe. Sasa shida ni kwamba unga hushika kwa kando ya bakuli na lazima mtu ausukume ndani na kikwangulio, kwa hivo unainua wavu, mashine inazima, unakwangua, unafunga, unawasha upya, na hayo ni kila mkando mara kadhaa. Ramadhani ilivokaribia oda zikawa nyingi ami akaona tunapoteza wakati. Akamuita fundi, fundi akaung'oa wavu, na ile swichi yake akaiunganisha na kipande cha waya mwekundu ili mashine idhani wavu bado upo. Wavu ukaenda kuegemezwa nyuma ya magunia ya unga, na kutoka siku hiyo vijana wanakwangua huku mashine inazunguka.

Mimi nilimwambia. Niliupiga picha ule waya nkamtumia kwa WhatsApp nkamwandikia, "Ami hii si salama, itamla mtu mkono." Akanijibu, "Tutaangalia baada ya Idi inshaallah."

Idi haikufika. Usiku mmoja kwenye saa nane, kijana nitakayemwita Salim (si jina lake), ana miaka 22, mkono wa sweta yake ukashikwa na ile ndoana inayozungusha unga. Mimi nilikuwa nahesabu trei upande wa oveni, nkasikia sauti ambayo sitaki kuieleza hapa, nkakimbia nkabonyeza kitufe chekundu lakini mkono ulikuwa ushaingia. Amepoteza vidole viwili na kifundo kimevunjika, na ni mkono wa kulia. Tulimpeleka hospitali na tuktuk ya mikate.

Asubuhi nilipotoka hospitali nkapitia bekari, nkakuta wavu umerudi mahali pake na ule waya mwekundu haupo. Ami hakusema kitu na mimi sikuuliza.

Hii ni wiki ya pili sasa. Bili ya hospitali ami amelipa, kwa hilo nasema kweli hakusita. Alafu akaenda kwa mamake Salim na 40,000 na karatasi ya kwamba wamemalizana, yule mama akaweka dole gumba. Bima ya wafanyakazi kumbe hatuna, ndo nimejua sahii. Salim ni kibarua, analipwa 600 kwa usiku kila Jumamosi, hana barua ya kazi ingawa amefanya na sisi zaidi ya mwaka. Juzi ami akaniita ofisini akanipa karatasi imechapwa vizuri, ni taarifa ya msimamizi wa shifti, yani mimi, inasema Salim aliung'oa wavu yeye mwenyewe bila ruhusa, alikuwa anacheza na simu, na ashawahi kuonywa. Nisaini tu. Na ile meseji ya WhatsApp niifute.

Nkamwambia ami nipe muda. Akakasirika kwanza, alafu akakaa chini akaniambia pole pole, "Wale watu wa serikali wakija mimi naenda jela, bekari inafungwa, watu 25 wanalala njaa, na wewe pia utashikwa manake shifti ilikuwa yako." Somo, ami analia mbele yangu! Sijawahi kumuona akilia hata siku ya kumzika babangu.

Mama anasema nisaini. Anasema siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haisemi. Anasema kijana ashapewa pesa na mamake ameridhika, mimi naenda kufukua nini. Lakini nilipoenda kumuona Salim aliniambia, "Dada si ulikuwepo, si utasema tu kilichotokea?" nami nkajifanya simu inaita nkatoka nje.

Nisiposaini nitakuwa nimemtupa mtu aliyenilea. Nikisaini sijui nitamtazama vipi yule kijana. Na je kweli naweza kufungwa? Nisaidie somo, usiku silali, na kazini bado naingia nasimama mbele ya mashine ileile.

Dada wa shifti ya usiku

*

Waaleikum salaam mwanangu,

Pole sana. Pole kwa Salim kwanza, na pole kwako, manake wewe ndo uliyebonyeza kile kitufe na hakuna mtu hata mmoja katika barua yako aliyekuuliza unajisikiaje tangu usiku huo. Ami ana hofu yake, mama ana hofu yake, Salim ana uchungu wake, na wote wanakuja kwako wewe unayelala mchana na kuamka kwenda kusimama mbele ya mashine hiyohiyo. Hilo peke yake linachosha mtu.

Nikikusikia vizuri, hujaniuliza kama uongo ni mbaya, hilo unalijua na usingekuwa unalijua ungekuwa ushasaini. Unachouliza ni kwamba mtu aliyekulea akikuomba umkinge, na kumkinga kwenyewe ni kumbebesha lawama kijana asiye na mtu, wewe unasimama wapi. Na ndani ya hilo kuna swali la pili dogo la kutisha, kama na wewe utashikwa. Nataka kuyagusa yote, lakini nianze na kitu ambacho nadhani nyote mmekichukua kama kimethibitika wakati hakuna aliyekikagua, nacho ni kwamba hiyo karatasi itamuokoa ami. Tukae hapo kidogo.

Kenya kuna sheria mbili zinazohusika hapa na zote ni za 2007. Moja ni ya usalama na afya kazini, inayosema mwenye kazi afanye nini ili watu wasiumie, na sehemu za mashine zilizo hatari zikingwe. Ya pili ni hii watu wanaiita WIBA, ya fidia kwa aliyeumia kazini. Sasa WIBA haifanyi kazi kama ami anavodhani, ya kwamba mfanyakazi akionekana na kosa basi mwajiri yuko huru. Mtu akiumia vibaya wakati anafanya kazi ya mwajiri, kwa faida ya mwajiri, sheria inaihesabu ni ajali ya kazini hata kama alikiuka maagizo. Salim alikuwa anakwangua unga wa ami yako ili boflo za ami yako zitoke mapema. Kwa hivo hata hiyo taarifa ingekuwa kweli tupu, ya kwamba aliung'oa wavu mwenyewe, bado isingetosha kumfutia fidia kirahisi ivo. Unaona? Unaombwa utoe ushahidi wa uongo kwa ajili ya kitu ambacho huenda hata hakipatikani.

Na ile kwamba ni kibarua wa Jumamosi hadi Jumamosi pia isikupe picha kwamba hana haki. Mkataba si lazima uwe umeandikwa, na mtu aliyefanya kazi zaidi ya mwaka mfululizo, sheria ya ajira haimtazami tena kama kibarua wa siku moja.

Hesabu yenyewe ni hivi, na nakuomba uitazame kwa utulivu. Ulemavu wa kudumu chini ya WIBA unapigiwa hesabu kwa mapato ya miezi 96, alafu inachukuliwa asilimia ambayo daktari ameipima. Salim kwa 600 kwa usiku, tuseme usiku 25 kwa mwezi, ni 15,000. Mara 96 ni 1,440,000. Mimi si daktari na sijui mkono wake utapimwaje, lakini kwa mfano tu, akisema asilimia 20, hiyo ni 288,000. Juu ya hapo kuna mshahara wa muda aliokaa nyumbani bila kuweza kufanya kazi, na matibabu ambayo ni jukumu la mwajiri yote, dawa, hospitali, mpaka usafiri. Sasa weka hapo 40,000 na dole gumba. Na tena dole gumba lenyewe ni la mamake! Salim ana miaka 22, ni mtu mzima, haki ni yake na sioni popote katika barua yako kwamba yeye aliulizwa. Mama yako anasema wameridhika, na mimi nauliza, walijua wanaridhika na nini?

Hapa ndo penye uchungu zaidi. Hii pesa kwa kawaida isingetoka mfukoni kwa ami, ingelipwa na bima, na kuwa na hiyo bima ni lazima kwa mwajiri, si hiari. Bima ya mwaka mzima kwa watu 25 ingekuwa ndogo mbele ya haya yaliyomkuta. Nadhani hicho ndicho kinachomliza ami, na sidhani analia kwa unafiki. Mtu mwenye biashara ndogo hufikiria unga, kuni au stima, kodi na mishahara, na hivi vitu vingine anavisukuma mbele mpaka baada ya Idi.

Sasa tuje kwa jela, manake hilo neno limesemwa na limekaa kichwani mwako. Sitakuficha, adhabu ipo. Mwenye mahali pa kazi akikosa kutimiza wajibu wake wa usalama, faini inaweza kufika 500,000 au kifungo kisichozidi miezi 6 au vyote viwili. Na mtu akiumia au kufa kwa sababu sheria hiyo ilivunjwa, kuna kifungu kingine juu ya hicho ambapo faini inaweza kufika milioni moja. Lakini hizo ni dari, hakimu anaangalia mambo mengi kabla ya kufika huko, na mojawapo ya anayoyaangalia ni mwenye kazi alifanya nini baada ya ajali. Aliripoti? Alirekebisha? Alimtibu mtu? Ami matibabu amelipa, wavu amerudisha, hayo ni mambo ambayo angeweza kuyasema mbele ya watu akiwa ameinua kichwa. Ila akichomeka taarifa ya uongo katikati yake, hata yale mazuri yataonekana ni ya kufuta nyayo. Leo ni mzembe. Akishapeleka ile karatasi anakuwa kitu kingine.

Na bekari kufungwa? Ofisa wa usalama kazini akija hafiki na kufuli mkononi. Anaweza kutoa ilani ya kurekebisha, yani hiki na hiki kitengenezwe kufikia tarehe fulani. Akiona hatari iko hapo hapo anaweza kutoa ilani ya kukataza, mashine hiyo isitumike mpaka iwe salama. Kwa mashine ambayo wavu wake upo na swichi inafanya kazi sidhani mnapaswa kuogopa watu 25 kulala njaa. Watauliza mengine, mahali pamesajiliwa? ukaguzi wa kila mwaka uko wapi? kamati ya usalama je, manake nyinyi mmevuka watu 20 na sheria inaitaka? Kutakuwa na gharama na aibu kidogo. Lakini gharama na kufa kwa biashara si sawa, na ami amekuletea kama sawa kwa sababu ya hofu.

Haya, wewe. Utashikwa?

Ami hakusema uongo mtupu hapo. Sheria ile inaweka wajibu kwa wafanyakazi pia, na msimamizi hawezi kusema alikuwa anapita njia. Lakini wajibu wa mfanyakazi anapoona hatari ni kuiripoti kwa mkubwa wake, na wewe uliripoti, kwa maandishi, na picha juu, na jibu ukapewa. Sasa fikiria unaombwa kufanya nini. Unaombwa ufute kile kitu kimoja kinachoonyesha kwamba ulisema, alafu uweke saini chini ya maneno yanayosema shifti ilikuwa yako na kijana "ashawahi kuonywa", yani ulijua anavunja sheria ukamuacha. Sisemi ami amekaa akapanga hivo, wallahi sidhani. Lakini mtu anayezama hashiki ubao tu, hushika na mwenzake. Ukisoma ile karatasi kama mtu asiyemjua ami, kama ofisa tu aliyeketi Mombasa na faili mbele yake, nani anaonekana mkosaji? Isome tena kwa macho hayo.

Na kufuta meseji kunafuta nini? Kwa simu ya ami ipo. Fundi yupo, anajua alilipwa kufanya nini. Vijana wa shifti zote wamekwangua unga bila wavu kwa muda, wavu waliuona nyuma ya magunia. Ukifuta, kitakachobaki ni kwamba ulifuta.

Kwa hivo nakuuliza, na sitaki unijibu mimi, jijibu mwenyewe: kumlinda ami na kusaini ile karatasi ni kitu kimoja? Manake barua yako yote imejengwa juu ya hilo, kwamba mlango wa shukrani ni mmoja tu na ami ndo ameushika. Kuna namna nyingine za kumsimamia mtu aliyekulea, ila zina maumivu yake na nisikudanganye kwamba kuna moja isiyo na maumivu.

Unaweza kukataa tu kimya kimya. Usisaini, usifute, uendelee na kazi. Wengi huchagua hapo kwa sababu haina makelele. Hatari yake ni kwamba Salim anabaki hajui chochote, na muda unakwenda. Dai la WIBA lina miezi 12 tangu siku ya ajali, ikipita anaweza kuikosa haki yake. Na ami anaweza kumpata mtu mwingine wa kusaini, au akaandika yeye jina lako lionekane tu kama aliyekuwa zamu. Ukichagua njia hii angalau andika kwa mkono wako kilichotokea usiku ule, tarehe, saa, wavu ulikuwa wapi, nani alikuwepo, ukiweke mahali mbali na bekari. Kumbukumbu ya mtu asiyelala haikai sana.

Unaweza kumrudia ami na kumpa karatasi nyingine badala ya kumnyima saini tu. Yani unamwambia ami, mimi nitasaini taarifa, lakini hii, na unampa ya kweli, fupi, isiyomtukana. Na unamwambia aripoti mwenyewe. Ajali kama hii ilitakiwa iripotiwe kwa idara ya usalama na afya kazini ndani ya siku 7, mmechelewa, ndiyo, lakini anayekwenda mwenyewe hata akichelewa na anayefuatwa nyumbani hawapokelewi sawa. Aende na wakili, si peke yake. Hapa hatari ni hasira, kuitwa mwana haramu, pengine kuambiwa usirudi kazini. Sheria inakataza mwajiri kumuadhibu mfanyakazi kwa sababu amelalamikia usalama, hilo lipo na lina nguvu ofisini, ila sheria haiingii nyumbani kwenu siku ya Idi mkikaa sinia moja. Kwa hivo kabla ya kwenda, jiulize una akiba ya miezi mingapi na mtoto wako atakula nini wakinuna.

Na usiende peke yako. Ami ana dada? Ana kaka mkubwa, sheikh anayemheshimu, rafiki mfanyabiashara ambaye tayari ana bima na hajafilisika? Katika familia zetu neno lilelile likitoka kwa mtoto ni utovu wa adabu, likitoka kwa shangazi ni nasaha. Mtafute wa kulisema. Nami naona ami aliyekaa chini akaongea pole pole baada ya kukasirika ni mtu ambaye bado anaweza kusikia. Asiyesikia hulipuka akaishia hapo.

Njia ya tatu ni Salim. Unaweza kumwambia tu kwamba kuna kitu kinaitwa WIBA na ana haki ya kudai, bila kumwambia mengine. Dai halianzii mahakamani siku hizi, Mahakama ya Juu ilishaamua Desemba 2019 kwamba madai haya yapite kwanza kwa mkurugenzi wa idara, kwa hivo hahitaji pesa za kesi kuanza. Na hapo Mombasa kuna Kituo Cha Sheria wanaosaidia watu wasio na uwezo wa wakili. Ukifanya hivi wewe hujamshitaki mtu, umempa mtu mzima habari inayomhusu mwili wake. Lakini nitakuwa muongo nisipokwambia kwamba akienda kudai, watauliza mashahidi ni nani, na jina lako litatajwa la kwanza. Kwa hivo hii njia inakurudisha kwenye swali lilelile, ni kwamba tu utakuwa unalijibu mbele ya ofisa badala ya mbele ya ami.

Na ipo ya kwenda kuripoti mwenyewe moja kwa moja. Hiyo naielewa kwa mtu ambaye mashine bado iko wazi na usiku wa leo kuna mwingine ataingiza mkono, hapo nisingekuwa na subira hata kidogo. Kwako wavu umerudi. Lakini hebu nikuulize, Ramadhani ijayo oda zikizidi, utakuwa na uhakika hautaondolewa tena? Ikiwa mwaka huu yaliisha kwa 40,000 na karatasi? Na leo hii, ukiinua wavu mashine inazima kweli? Umejaribu? Fundi aliyeunganisha anaweza kuwa ameuacha mlegevu. Hilo ni la kuangalia usiku huuhuu kabla ya mkando wa kwanza, na kama haizimi, una haki ya kusema mashine haiguswi mpaka itengenezwe, na hakuna mwajiri anayeruhusiwa kukulazimisha wewe au vijana kuirudia ikiwa na hatari iliyo wazi.

Mama yako nimemuacha mwisho kwa sababu nadhani yeye ndo anakuumiza zaidi ya ami. Yeye aliachwa mjane na watoto na mlango mmoja tu wa kugonga. Akisema usaini, nasikia mwanamke anayekumbuka njaa, simsikii mtu asiyejali mkono wa kijana wa watu. Kwa hivo usimjibu kwa sheria. Muulize tu kama Salim angekuwa mwanawe, na ile 40,000 angeletewa yeye, angeweka dole? Usimlazimishe ajibu. Lakini mwambie pia kwamba karatasi ile inakuweka wewe hatarini, manake sidhani amelifikiria hilo, yeye anadhani anawaokoa wewe na ami yako wote wawili kwa saini moja. Mama akijua kwamba anayeweza kupelekwa mbele ni bintiye, na kwamba kilichombakishia kinga ni meseji moja kwenye simu, ushauri wake unaweza kuwa mwingine.

Kwa Salim, rudi. Hata kama hujaamua, hata kama huna la kumwambia kuhusu karatasi. Alikuuliza swali ukatoka na simu, na yeye bila shaka alijua haikuita. Unaweza kumwambia, "Bado nafikiria, lakini sijasahau nilichokiona," na hayo ni kweli na hayakufungi kwa chochote.

Usisaini kitu wiki hii kwa sababu tu umechoka. Mwambie ami unataka kuisoma na mtu anayejua sheria kwanza, hilo hata yeye hawezi kukukatalia bila kujishika. Ile picha na majibu yake, itume kwa simu nyingine au kwa barua pepe yako, si kwa nia ya kumpiga nayo mtu, ila simu huanguka, huibiwa, na huombwa na wakubwa "niangalie kitu kidogo". Alafu ukishakaa na shangazi au yeyote utakayempata wa kumfikia ami, niandikie amesema nini.

Somo wako